Mwingereza wa Kaseti

Toledo, Ohio
Jumapili, 14 Septemba 1986

Mpendwa Roxanne,

Hatujawahi kuonana, lakini nalala kitandani kwako, kwa hiyo naona ni adabu kukuandikia. Mama zetu walipokubaliana kubadilishana kazi na nyumba kwa mwaka mmoja, hawakutuuliza mimi na wewe tunaonaje. Vitu vyako nimeviacha kama nilivyovikuta, hata lile bango la mwanamuziki mwenye nywele ndefu, ingawa ananikodolea macho ninapovaa. Nimezoea kumpa mgongo.

Mama anafundisha jiografia kwenye madarasa ya mama yako, na wanafunzi wanampenda. Mimi nimeanza shule salama. Siku ya kwanza niliambiwa darasa langu liko ghorofa ya kwanza. Nikapanda ngazi, nikatafuta mpaka kengele ikalia. Kumbe kwenu ghorofa ya kwanza ni ile ile unayoingilia kutoka barabarani! Kwetu hiyo ni ya chini tu, na ya kwanza ni ile iliyo juu yake. Nilipojieleza mbele ya darasa, hakuna aliyesikia maana. Walisikia sauti. "Sema tena! Sema tena!" Nikasema tena. Wakapiga makofi kama watu waliomwona kasuku.

Bwana Haverkamp, mwalimu wa kuhutubia, alikuwa anapita. Kesho yake akanipa kazi ya kusoma matangazo ya asubuhi kwenye spika za shule nzima: bwaloni wamepika nini, timu imefungwa ngapi. Nilimwambia mimi si mtu wa kusema mbele za watu. Akacheka. "Binti, na sauti hiyo? Kunyamaza ni dhambi!"

Inachosha kidogo, lakini nitazoea. Natumaini chumba changu hakina baridi sana. Ukihitaji kitu, bibi yangu yuko nyumba ya pili.

Wako,
Hester Ackroyd


Halifax, Yorkshire
Jumamosi, 27 Septemba 1986

Hester weee!

Chumba chako hakina baridi sana? Chumba chako ni friji! Nalala na koti na kofia. Lakini vitabu vyako nimeanza kuvisoma vyote, na bibi yako nampenda mno. Nadhani naye ananipenda, maana jana kaniambia, "Wewe si mbaya, kipenzi."

Sikiliza kisa. Mama mmoja wa kanisani, Bi. Greenwood, alinishika mkono akasema, "Lazima siku moja uje kwetu kwa chai." Nikasema, "Nitakuja Jumanne!" Akasema, "Itapendeza sana." Basi Jumanne nikaenda, na keki mkononi. Nagonga, mlango unafunguliwa, mumewe yuko kwenye kiti na fulana ya ndani, anakula mayai mbele ya televisheni.

"Nani huyo?"

"Yule Mmarekani."

"Anataka nini?"

"Eti nilimwalika."

"Ulimwalika?"

"Nilisema siku moja!"

Walinikaribisha wakanigawia yai. Walikuwa wapole kupita kiasi, na naapa walikuwa wanaomba ardhi inimeze. Bibi yako alicheka mpaka akashika ubavu. Anasema hapa mwaliko wa kweli huwa na saa yake. Usio na saa ni salamu tu. Sasa mtu atajuaje?

Lakini habari kubwa ni ya Bwana Haverkamp! Nampenda kuliko walimu wote. Nilipokuwa na miaka kumi na miwili nilikuwa na kigugumizi kibaya, siwezi hata kuagiza soda. Yeye ndiye aliyenifungua mdomo, na tangu siku hiyo haujafungwa. Unafurahi? Niambie ukweli. Kwetu tukiuliza tunataka jibu.

Rafiki yako,
Roxanne Nowicki


Toledo
Jumapili, 12 Oktoba 1986

Mpendwa Roxanne,

Nimefurahi kusikia kigugumizi chako kilikuwa cha zamani tu. Namhurumia sana Bwana Greenwood.

Umeuliza kama nafurahi. Siwezi kusema sifurahi. Matangazo yanaendelea. Kuna wavulana watatu wa timu ya mpira wanaopenda kutembea nyuma yangu koridoni. "Malkia! Farasi hajambo?" "Malkia, hebu omba maji tukusikie!" Inakera kidogo wakati wa chakula cha mchana, kwa hiyo siku hizi nala mahali pengine.

Bwana Haverkamp ananisaidia matamshi. Anaona sisemi Kiingereza cha Uingereza inavyopasa. Ana kaseti ya bwana mmoja wa London anayesoma mashairi, na baada ya masomo tunaisikiliza pamoja, kisha narudia. Anasema watu wa hapa wakiambiwa watasikia Mwingereza, hiyo ndiyo sauti wanayoingojea. Mimi kwetu sijamsikia mtu akisema vile, labda msoma habari, na daktari mmoja wa meno.

Si vibaya. Ningependelea kidogo kuacha, lakini sitaki kuwa msumbufu.

Wako,
Hester


Halifax
Jumamosi, 25 Oktoba 1986

Hester!

Nimesoma barua yako nikarukaruka juu ya kitanda chako. (Samahani, chaga moja imelia.) Masomo ya peke yako na Haverkamp! Wenzangu wangeuza ndugu zao.

Sasa nimekujua. Wewe una haya kama nilivyokuwa mimi, na mtu wa namna hiyo anahitaji kusukumwa. Kwa hiyo nimekusukuma! Nimemwandikia Bwana Haverkamp. Nimemwambia, "Hester anasema si vibaya, ni haya tu, usimwachie." Nimemwomba akupandishe jukwaani Usiku wa Mataifa, mwezi wa kumi na mbili. Hujauona huo! Ukumbi wa michezo unafurika: Wapolandi na pierogi zao, vile viandazi vya kujazwa viazi, Wahangaria na soseji, Walebanoni na vile vitamu vya asali vinavyoganda menoni. Mwingereza hatujawahi kuwa naye hata mmoja. Utakuwa wa kwanza! Usinishukuru.

Mimi nagombana na mwalimu wa Kiingereza wa hapa. Kwenye insha yangu amekata kwa wino mwekundu kila neno tunalosema kwetu. Nimeyaandika yote upya pembeni, kwa wino wa kijani.

"Una kiburi, Roxanne," kaniambia.

"Ndiyo, Mwalimu," nikamjibu.

Nakupenda,
Roxanne


Toledo
Jumatano, 5 Novemba 1986

Mpendwa Roxanne,

Asante kwa kunifikiria. Ni wema mkubwa.

Bwana Haverkamp amenionyesha barua yako. Jina langu limekwisha kuchapishwa kwenye mabango. Nakiri nimeshangaa kidogo.

Hali ya hewa ni nzuri. Nakutakia heri wewe na mama yako.

Wako,
H. Ackroyd


Halifax
Jumamosi, 15 Novemba 1986

Hester,

Lazima nikueleze yaliyotokea hapa jikoni.

Barua yako ilifika jana. Nikaenda nayo kwa bibi yako, nikamsomea kwa furaha wakati anakoroga mchuzi. "Anasema asante! Anasema ni wema mkubwa! Hali ya hewa nzuri!" Bibi akaacha kukoroga.

"Soma tena hapo pa kushangaa."

"'Nakiri nimeshangaa kidogo.'"

"Na amesaini vipi?"

"H. Ackroyd."

"Ebo! Huyu mtoto amefura mpaka anataka kupasuka. Umemfanya nini?"

"Sijamfanya kitu! Si amesema asante?"

"Kipenzi," akaniambia, "babu yake alivunjika mguu kiwandani, akaja nyumbani akasema goti linamsumbua kidogo. Niletee hizo nyingine."

Nikamletea zote. Alizisoma miwani ikiwa imeshuka puani, na kila alipokutana na "kidogo" alipiga meza kwa kijiko. Inachosha kidogo: paa! Inakera kidogo: paa! Ningependelea kidogo kuacha: hapo alipiga mara mbili. Akaniuliza, "Mtoto anakula wapi mchana?" Nikasema mahali pengine. Akasema, "Mahali pengine ni wapi?" Nami sikujua. Sikuwahi kuuliza.

Nimelia usiku kucha. Lakini Hester, nimekasirika pia, na sitalificha. Nilikuuliza! Niliandika kabisa, niambie ukweli! Ningekuwa mimi ningesema "Nachukia! Nitoeni hapa!" na ungesikia mpaka Uingereza. Wewe umeniandikia kama mtu anayerudisha mwavuli wa jirani.

Kwa hiyo nakupa changamoto. Niandikie barua moja, moja tu, isiyo na neno "kidogo". Ukiweza, basi nitamwandikia tena Haverkamp nifute yote niliyosema. Ukishindwa, usinilaumu.

Roxanne


Toledo
Jumatatu, 24 Novemba 1986

Roxanne,

Nachukia.

Nimekaa na sentensi hiyo dakika nyingi, nikaona haijaniua. Naendelea.

Mahali pengine ni chooni. Nala mkate wangu chooni, miguu juu, ili wasione viatu. Nachukia spika. Nachukia kuitwa Malkia. Nachukia kuwa watu wananiambia "Napenda unavyosema!" na hakuna hata mmoja anayeweza kukuambia nilisema nini.

Bwana Haverkamp ananiwekea penseli kati ya meno. Kwetu, kama unavyojua sasa, herufi ya kwanza ya jina langu haitamkwi. Bibi, mama, wote wananiita Esta. Alinisimamisha mbele ya darasa nitaje jina langu mwenyewe, tena na tena, mpaka nilitaje kama yule bwana wa kaseti. "Hapana, Hester, Waingereza hawasemi hivyo." Mimi! Nimezaliwa Halifax, baba yangu alikuwa fundi wa mashine kwenye kiwanda cha mazulia. Alikufa mwaka juzi. Nikifumba macho bado namsikia akiniita kutoka chini ya ngazi, bila ile herufi. Na mtu ambaye hajawahi kuvuka bahari anasimama pale kuniambia kwamba baba yangu hakuwa anasema Kiingereza cha Uingereza.

Maandishi ya Usiku wa Mataifa ameyaandika yeye. Natakiwa nivae kofia yenye manyoya na kupiga goti. Nitasema: "Mimi ni binti wa Uingereza ya kale, nchi ya makasri, ambako kila alasiri mtumishi wetu hutuletea chai." Roxanne, kwetu mtumishi alikuwa bibi yangu, kwenye nyumba ya matajiri, na walimfukuza.

Nikikataa nitapewa alama ya kufeli. Mama anasema, "Vumilia, mwanangu, sisi ni wageni hapa na mimi nafanya kazi chini ya mkuu wa shule yule yule." Namwelewa mama. Sikubaliani naye.

Usimwandikie Bwana Haverkamp. Najua ungefanya kwa moyo mzuri, na ungefanya vizuri kuliko mimi. Lakini hii midomo ni yangu. Nitasema mwenyewe.

Na bado nimekukasirikia. Itapita, lakini bado haijapita.

Hester


Toledo
Jumatatu, 8 Desemba 1986

Bwana Haverkamp,

Sitasoma maandishi uliyoyaandika na sitavaa kofia. Nitapanda jukwaani Ijumaa kama jina langu linavyotangazwa, ila nitasema maneno yangu kwa sauti yangu. Kama hutaki hivyo, tafadhali niondoe kwenye ratiba.

Hester Ackroyd


Shuleni
Jumanne, 9 Desemba 1986

Hester,

Kila mtu huwa na woga kabla ya jukwaa. Rafiki yako Roxanne alikuwa hivyo hivyo, mwulize leo yuko wapi. Mji mzima umeahidiwa Mwingereza, na Mwingereza watampata. Kofia iko chumba cha maigizo. Siku moja utanishukuru.

D. Haverkamp


Toledo
Jumapili, 14 Desemba 1986

Mpendwa Roxanne,

Niandike kabla sijajirudi.

Ukumbi ulijaa kama ulivyosema. Waliimba Wahangaria, wakacheza Walebanoni, kisha taa zikanielekea. Kofia niliiacha kitini.

Nikasema, "Naitwa Esta Ackroyd," vile vile, bila herufi. Nikasema kwetu chakula cha jioni kinaitwa chai hata kikiwa viazi na maini. Nikasema hatuna kasri, tuna vilima, na basi la kupanda vilima hivyo linalolia kama mtu mwenye pumu. Nikasema habari za kiwanda cha mazulia, na jinsi baba na wenzake walivyokuwa wanaongea kwa kusoma midomo, kwa sababu mashine zilikuwa zinafunika sauti zote.

Sauti ya kijana ikatoka nyuma. "Huyo siyo Mwingereza!"

Wakacheka. Mwingine akasema, "Turudishieni Malkia wetu!" Bwana Haverkamp alikuwa amesimama pembeni ya pazia, uso mwekundu. "Lafudhi, Hester," ananong'ona. "Lafudhi!"

Sijui ilitoka wapi. Nilikisogelea kipaza sauti nikasema, "Hii ndiyo lafudhi, Bwana Haverkamp. Ile nyingine ni ya kaseti yako."

Akaanza kuja kuniondoa, na hapo ndipo mwanamke mmoja akasimama kwenye meza ya Wapolandi, aproni kiunoni, mwiko mkononi. "Mwache mtoto amalize, Delbert! Mimi naongea na lafudhi ya Kipolandi miaka arobaini, umewahi kunipa penseli?" Ndipo nikaambiwa kwamba huyo ni bibi yako, na kwamba ulimwandikia habari za penseli. Mbona hukuniambia kwamba mnafanana hata kwa maneno?

Nikamaliza. Walipiga makofi watu wachache, na si wa mezani kwa bibi yako peke yao. Wengi hawakupiga. Usifikiri nilibebwa mabegani.

Nimefeli somo la kuhutubia. Matangazo ya asubuhi amepewa Lorna Kessler wa hapa hapa Toledo, aliyejifunza ile kaseti wiki moja tu, na kila mtu anasema yeye ni Mwingereza kuliko mimi. Wale wavulana bado wananifuata, ila sasa wanajaribu kuiga sauti yangu ya kweli, na hawaiwezi. Inatoka kama mbuzi mgonjwa. Nala bwaloni.

Tulipofika nyumbani Mama akazima injini, akabaki ameshika usukani. "Ulisema lile la midomo," akaniambia. "La kiwandani." Nikasema ndiyo. Akasema, "Nilikuwa nimelisahau." Kisha akalia, nami nikalia, na hakuna aliyemwambia mwenzake asilie.

Hasira juu yako imekwisha. Iliisha nilipokuwa jukwaani. Nadhani niliitumia yote pale.

Hester


Halifax
Jumapili, 28 Desemba 1986

Hester, Hester, Hester!

Nimemsomea bibi yako. Amesema, "Hakufanya vibaya." Halafu akaingia chumbani akafunga mlango. Mwezi uliopita ningeona hajali. Sasa nimejua nikae nimngoje. Alitoka baada ya saa nzima, macho mekundu, akaniuliza kama nataka maharage.

Bwana Haverkamp ameniandikia. Anasema umemwaibisha mbele ya mji, ila yeye si mtu wa kinyongo. Ukirudia hotuba ile aliyoiandika yeye, mwezi wa kwanza, darasani tu, mbele ya wanafunzi ishirini, atakufutia kufeli. Ananiomba nikushawishi. "Wewe anakusikiliza," anasema.

Sikushawishi. Lakini nakwambia ukweli, nimeisoma barua yake nikaumia. Mtu huyu ndiye aliyenikalisha siku baada ya siku, akaningoja nimalize neno moja, bila kunikatiza. Mimi alinifungua mdomo. Wako ulikuwa wazi tayari, naye amejaribu kuufunga. Sijui nifanye nini na vitu hivyo viwili. Sitamchukia, Hester. Usinitake nimchukie.

Ila alama ni yako. Utasema nini?

Roxanne


Toledo
Jumapili, 11 Januari 1987

Mpendwa Roxanne,

Usimchukie. Sitakutaka hilo. Juzi nilimwona na mvulana mmoja mdogo mwenye kigugumizi, wamekaa kwenye ngazi, anamngoja. Alikuwa na subira ya ajabu. Nilisimama nikawatazama mpaka yule mtoto akamaliza sentensi yake, na nilifurahi kwa ajili yake.

Kisha Bwana Haverkamp akaniona, akaja. Kofia alikuwa nayo kwenye begi.

"Dakika tano tu, Hester. Darasani. Hakuna wageni, hakuna mabango. Utasoma, nitakupa alama, tutasahau."

"Hapana," nikasema.

Alingoja. Anajua kungoja, kama unavyojua. Mimi pia nilikuwa nangoja, kwa sababu tangu nizaliwe sijawahi kumwambia mtu mzima "hapana" bila "samahani" kuifuata nyuma, au "asante", au "labda siku nyingine". Nilisimama pale koridoni nikiisikilizia hiyo "samahani" ije.

Haikuja. Nikaenda zangu kwenye kipindi changu.

Wako,
Esta